Baraza Kuu la Umoja wa Kisovieti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Umoja wa Kisovieti tunaujua kwa makombora, kwa Stalin, kwa Gagarin na kwa Gorbachev. Bunge lake karibu hakuna anayelitaja, na akilitaja ni kwa neno moja: muhuri, yaani la kugonga tu yaliyokwisha kuamuliwa. Sikatai kwamba lilikuwa muhuri kwa nusu karne. Lakini viti vyake, orodha ya jamhuri zake na vifungu vyake vilivyolala miaka yote hiyo ndivyo vilivyokuja kuamua nchi ile ikatike wapi, nani atoke akiwa taifa huru na nani abaki akipigania. Maswali haya nayasikia sana kwa wanafunzi wa siasa, kwa wanaofuatilia mjadala wa Muungano wetu, na siku hizi hata kwa waandishi wanaobuni nchi zao wenyewe.

Baraza Kuu lilikuwa chombo gani hasa?

Lilikuwa bunge la shirikisho. Liliundwa na Katiba ya tarehe 5 Desemba 1936, likachaguliwa mara ya kwanza tarehe 12 Desemba 1937, na kikao cha kwanza kikafunguliwa Januari 1938 ndani ya Kremlin, Moscow. Kabla yake palikuwa na Kongresi ya Sovieti, mfumo ulioanza na mkataba wa muungano wa tarehe 30 Desemba 1922 kati ya Urusi, Ukraine, Belarus na shirikisho dogo la Georgia, Armenia na Azerbaijan.

Kwa maandishi ya katiba, hakuna chombo cha dola kilichokuwa juu yake. Lilitunga sheria, lilipitisha bajeti na mpango wa uchumi, liliunda Baraza la Mawaziri, lilichagua Mahakama Kuu na kumteua Mwendesha Mashtaka Mkuu. Mgawanyo wa mamlaka tunaofundishwa darasani, wa bunge, serikali na mahakama kuchungana, haukutambuliwa kabisa. Madaraka yote yalikusanywa kwa wawakilishi wa wananchi, wengine wakawa watumishi wao. Ndivyo ilivyoandikwa.

Kwa nini liligawanywa mabaraza mawili?

Kwa sababu nchi ilikuwa na watu wengi na mataifa mengi, na mambo hayo mawili hayahesabiwi kwa mizani moja. Baraza la Muungano liliwakilisha idadi ya watu: kwa katiba ya 1936, mjumbe mmoja kwa kila watu 300,000. Baraza la Mataifa liliwakilisha jamhuri na maeneo ya mataifa madogo. Sheria ilihitaji kupita kote kuwili.

Viti vya Baraza la Mataifa viligawanywaje?

Hapa naomba msomaji awe na subira, maana hesabu hii ndiyo ufunguo wa mambo mengi yaliyofuata. Chini ya Katiba ya 1977 kila baraza lilikuwa na wajumbe 750, jumla 1,500. Kwenye Baraza la Mataifa, kila jamhuri ya muungano ilipata viti 32. Jamhuri hizo zilikuwa 15, kwa hiyo viti 480. Chini yake kulikuwa na jamhuri 20 zenye utawala wa ndani, kila moja viti 11, jumla 220. Kisha mikoa 8 yenye utawala wa ndani, viti 5 kila mmoja, jumla 40. Mwisho wilaya 10 za watu wachache, nyingi zikiwa kaskazini na Siberia, kiti kimoja kimoja. Ukijumlisha unapata 750 kamili.

Estonia, yenye watu wapatao milioni moja na nusu, ilikuwa na viti 32 sawa na Urusi yenye zaidi ya nusu ya watu wote wa nchi. Inaonekana haki tupu. Lakini jamhuri 16 kati ya zile 20 zilikuwa ndani ya Urusi, pamoja na mikoa 5 kati ya 8 na wilaya zote 10. Ardhi ya Urusi peke yake, basi, ilitoa wajumbe 243 kati ya 750.

Sasa angalia ngazi zenyewe. Wenye viti 32 walikuwa na haki ya kujitenga iliyoandikwa kwenye katiba. Wenye 11 hawakuwa nayo, wala wenye 5. Mwaka 1991 dunia ilipokubali nchi mpya, ilikubali zile 15 zenye viti 32, basi. Chechnya na Ingushetia kwa pamoja zilikuwa na viti 11. Abkhazia 11. Ossetia Kusini 5. Nagorno-Karabakh 5. Msomaji anayekumbuka taarifa za habari za miaka ya 1990 atayatambua majina hayo: kote huko damu ilimwagika. Daraja ulilopewa na makarani wa Moscow miaka ya 1920 na 1930, ukilishika kama jambo la kupamba bunge tu, ndilo lililoamua kama wajukuu wako watakuwa na pasipoti au vita.

Je, mabaraza hayo mawili yaliwahi kupingana?

Hadi mageuzi ya 1989, hapana. Katiba iliweka tume ya usuluhishi endapo moja lingekubali na lingine kukataa. Tume hiyo haikupata kazi.

Wajumbe walikuwa watu wa namna gani?

Ukitazama picha za ukumbini utawaona marubani wa anga za juu, majemadari wenye nishani kifua kizima, makatibu wa chama wa mikoa, wasomi, na kando yao mkamuaji wa ng'ombe kutoka shamba la ushirika la Uzbekistan, mchimba makaa wa Donbass, mfumaji wa kiwanda cha nguo. Karibu theluthi moja walikuwa wanawake, kiwango ambacho mabunge mengi ya Ulaya Magharibi ya wakati ule hayakukikaribia. Wafanyakazi na wakulima walikuwa kama nusu.

Uwiano huo haukutokea kwa bahati. Ofisi za chama zilipanga mapema jimbo lipi litoe mwanamke, lipi kijana, lipi asiye mwanachama. Mkamuaji hakuingia kwa kuwashinda wengine jukwaani, aliingia kwa kuwa nafasi ya mkamuaji ilikuwa imepangwa. Hata hivyo sipendi wanaomcheka. Ubunge haukuwa ajira: mjumbe alibaki kazini kwake, akaenda Moscow mara mbili kwa mwaka kwa siku chache, akarudi na beji yenye bendera kwenye koti. Kazi yake ya kweli ilikuwa nyumbani. Watu walimletea barua na kupanga foleni siku zake za kuwasikiliza: familia ya watu sita inaishi chumba kimoja, mjane hajapata pensheni, kijiji hakina daraja. Wapiga kura walikuwa na haki ya kumpa maagizo rasmi, na mengi yalikuwa ya shule, barabara na zahanati. Kwa mambo hayo mjumbe aliyejituma alifungua milango ambayo mwananchi wa kawaida hakuifikia.

Uchaguzi ulikuwaje kama mgombea ni mmoja?

Unaingia kituoni, mara nyingi shule iliyopambwa, muziki ukipigwa. Unapewa karatasi yenye jina moja. Kama unamkubali, huandiki chochote: unaikunja unaitumbukiza. Kama humtaki, unalikata jina kwa kalamu. Kijumba chenye pazia kipo, na sheria inakuruhusu kuingia. Lakini anayemkubali mgombea hana haja ya kalamu, kwa hiyo kila anayeingia nyuma ya pazia amekwisha kujulikana nia yake kabla hajatoka.

Matokeo rasmi ya Machi 1984 yalisema asilimia 99.99 ya wapiga kura walijitokeza. Wahamasishaji walipita nyumba kwa nyumba, wagonjwa walipelekewa sanduku kitandani, na kituoni kulikuwa na bafe ya vyakula vilivyoadimika madukani. Watu nao walijifunza kutumia presha hiyo. Wakazi wa jengo lenye paa linalovuja walitangaza kwamba hawataenda kupiga kura hadi paa lizibwe, na mara nyingine mafundi walifika siku chache kabla ya uchaguzi.

Mbona hata Tanzania ilikuwa na chama kimoja? Tofauti iko wapi?

Iko kwenye karatasi ya kura. Mwaka 1965, katika karibu kila jimbo la Bara, TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na mwananchi akachagua. Mawaziri waliangushwa, akiwemo waziri wa fedha Paul Bomani. Kura ya rais ndiyo iliyofanana zaidi na ya Kisovieti, maana jina lilikuwa moja, ingawa hata hapo "hapana" ilikuwa na nafasi yake kwenye karatasi sawa na "ndiyo".

Kufanana kulikuwepo kwenye uhusiano wa bunge na chama. Wanaokumbuka usemi wa "chama kushika hatamu" wataelewa mara moja Ibara ya 6 ya Katiba ya Kisovieti ya 1977, iliyokitaja Chama cha Kikomunisti kuwa nguvu inayoiongoza na kuielekeza jamii. Uamuzi ulifanyika Politburo, kamati ndogo ya wakuu wa chama, ukapita Kamati Kuu, kisha ukaletwa Baraza Kuu wanyooshe mikono.

Kama Baraza lilikaa siku chache kwa mwaka, sheria zilitungwa na nani?

Kati ya kikao na kikao kazi ilifanywa na Presidiamu, kamati yenye watu 39 chini ya Katiba ya 1977: mwenyekiti, makamu wa kwanza, makamu 15 (mmoja kwa kila jamhuri), katibu na wajumbe 21. Presidiamu ilitoa amri zenye nguvu ya sheria, na Baraza zima likaziidhinisha baadaye, rundo zima kwa mara moja.

Mfano ulio hai hadi leo ni Crimea. Tarehe 19 Februari 1954 Presidiamu, ikiongozwa na Kliment Voroshilov, ilitoa amri ya kuuhamisha mkoa wa Crimea kutoka Urusi kwenda Ukraine. Sababu zilizotajwa ni ukaribu wa ardhi na uchumi. Mwaka huo pia ilikuwa ikiadhimishwa miaka 300 ya mapatano ya Pereyaslav ya 1654, kati ya Wakozaki wa Ukraine na mfalme wa Urusi. Tarehe 26 Aprili Baraza Kuu likapitisha sheria ya kuthibitisha. Wakazi wa Crimea hawakuulizwa. Watatari wa Crimea hawakuwepo hata wa kuulizwa, kwa kuwa walikuwa wamefukuzwa wote Mei 1944 na kupelekwa Asia ya Kati, na jamhuri yenye utawala wa ndani ikashushwa kuwa mkoa wa kawaida mwaka 1945. Ndani ya nchi moja yenye chama kimoja, kuhamisha mkoa kulionekana jambo la masjala. Siku mpaka ule ulipogeuka kuwa wa kimataifa, kila sentensi ya amri ile ilianza kugombaniwa.

Rais wa nchi alikuwa nani?

Hadi Machi 1990 hakukuwa na rais. Hadi 1989 mkuu wa nchi kwa itifaki alikuwa mwenyekiti wa Presidiamu: ndiye aliyepokea mabalozi na kutia saini sheria. Mikhail Kalinin alikuwa wa kwanza. Nikolai Podgorny alipozuru Tanzania, Zambia na Msumbiji Machi 1977, alikuja kwa cheo hicho. Mwezi Mei mwaka huohuo aliondolewa Politburo, na Juni Leonid Brezhnev, aliyekuwa tayari katibu mkuu wa chama, akakichukua na kiti chake. Wenyeji waliokuwa wamempigia mizinga kama mkuu wa nchi waliona jinsi cheo cha bunge kilivyokuwa chepesi mbele ya chama.

Ni kweli jamhuri zilikuwa na haki ya kujitenga?

Ndiyo, na iliandikwa waziwazi: Ibara ya 17 katika katiba ya 1936, ya 72 katika ile ya 1977. Utaratibu wa kuitumia ndio haukuandikwa. Ulikuja Aprili 1990, wakati Lithuania ilikuwa imekwisha kutangaza uhuru tarehe 11 Machi kwa kura 124 bila ya kupinga, 6 wakijizuia. Sheria ile mpya ilidai kura ya maoni yenye theluthi mbili ya wapiga kura wote, kipindi cha mpito cha hadi miaka mitano, na kura ya peke yake kwa maeneo yenye utawala wa ndani yaliyomo katika jamhuri inayotoka. Walithuania waliiona kuwa sheria ya kuwazuia, na hawakuifuata.

Gorbachev alibadilisha nini?

Chini ya Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti, mabadiliko ya katiba ya tarehe 1 Desemba 1988 yaliweka Kongresi ya Wajumbe wa Wananchi yenye watu 2,250: theluthi ya majimbo ya watu, theluthi ya maeneo ya mataifa, na theluthi iliyochaguliwa na jumuiya, Chama cha Kikomunisti kikipewa viti 100. Kongresi ndiyo ilichagua Baraza Kuu dogo zaidi, la wajumbe 542, lililokaa miezi mingi kwa mwaka kama bunge la kazi.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 26 Machi 1989. Moscow ilimpa Boris Yeltsin, baadaye rais wa Urusi, karibu asilimia 90. Leningrad, mkuu wa chama wa mkoa, Yuri Solovyov, aligombea peke yake bila mpinzani akashindwa: wapiga kura wengi walilikata jina lake. Kalamu ileile na karatasi ileile iliyokuwa na jina moja. Safari hii kuingia nyuma ya pazia hakukuwa tena na la kuogopa.

Kongresi ilipofunguliwa tarehe 25 Mei, televisheni iliirusha moja kwa moja, na watu waliacha kazi kuitazama. Kwangu mtu wa kikao kile ni Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyeipinga serikali. Januari 1980 Presidiamu ya Baraza Kuu ilikuwa imemvua nishani zake zote, akapelekwa uhamishoni mjini Gorky, alikokaa hadi Desemba 1986. Sasa alikuwa mjumbe, mwenye umri wa miaka 68, sauti ndogo, akizomewa kwa kuisema vita ya Afghanistan. Siku ya mwisho, tarehe 9 Juni, alipanda jukwaani akidai Ibara ya 6 ifutwe. Gorbachev, mwenyekiti, alimkatiza na kipaza sauti kikazimwa. Mzee aliendelea kusema. Alifariki Desemba mwaka uleule. Machi 1990 Ibara ya 6 ilibadilishwa, chama kikapoteza uongozi wake wa kikatiba, na Kongresi hiyohiyo ikamchagua Gorbachev kuwa rais.

Naandika hadithi yenye shirikisho la kijamaa la kubuni. Bunge lake nilitungeje?

Anza na ngazi, usianze na ukumbi. Amua ni mataifa yapi yana viti vingi, yapi vichache, na yapi hayana kabisa, halafu mwulize kila mhusika wako anatoka ngazi ipi. Migogoro itajitokeza yenyewe.

Usibaki na Moscow tu pia. Yugoslavia, kwa katiba ya 1974, ilikuwa na Baraza la Jamhuri na Mikoa lenye wajumbe 88: 12 kutoka bunge la kila jamhuri kati ya 6, na 8 kutoka kila mkoa kati ya miwili, na mambo makubwa yalihitaji makubaliano ya wajumbe wa pande zote. Czechoslovakia baada ya 1968 iliweka Wacheki 75 na Waslovaki 75 katika Baraza la Mataifa, na sheria nyeti zilihitaji wingi wa kila upande peke yake, kwa hiyo wachache wa upande mmoja waliweza kuzuia nchi nzima. Mtanzania atakumbuka kifungu chetu kinachotaka, kwa mambo fulani ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa mbali. Kanuni kama hizo chini ya chama kimoja hazisikiki. Chama kikiyumba, zinakuwa ndiyo siasa yenyewe, na hapo ndipo hadithi yako inapopata nguvu.

Baraza Kuu lilikufaje?

Tarehe 17 Machi 1991 asilimia 76.4 ya waliopiga kura ya maoni walitaka muungano uliofanyiwa marekebisho ubaki, lakini jamhuri sita zilikataa kuiandaa: Lithuania, Latvia, Estonia, Georgia, Armenia na Moldova. Agosti likaja jaribio la mapinduzi dhidi ya Gorbachev lililoshindwa baada ya siku tatu. Mapema Septemba Kongresi ilikutana mara ya mwisho ikajivunja. Baraza Kuu lililorekebishwa lilibaki na mabaraza mawili, ila Baraza la Muungano halikuweza kufikisha akidi baada ya Urusi kuwaita wajumbe wake warudi. Lililobaki, Baraza la Jamhuri, chini ya mwandishi Mkazakh Anuarbek Alimzhanov, lilipitisha tarehe 26 Desemba 1991 azimio kwamba Umoja wa Kisovieti haupo tena. Gorbachev alikuwa amejiuzulu siku moja kabla.

Na mabunge ya jamhuri?

Hayo ndiyo yaliyorithi nchi. Kila jamhuri ilikuwa na Baraza Kuu lake, muhuri vilevile, na tangu 1990 yakaanza kuwa mabunge ya kweli. Waliokutana Belovezha, msituni Belarus, tarehe 8 Desemba 1991 kuuvunja muungano wote watatu walipandia huko: Stanislav Shushkevich alikuwa spika wa Baraza Kuu la Belarus siku hiyohiyo, Leonid Kravchuk alikuwa wa Ukraine hadi siku chache kabla, na Yeltsin alikuwa wa Urusi hadi 1991. La Urusi liligombana na Yeltsin mwenyewe, likapigwa kwa vifaru Oktoba 1993. La Ukraine, lililotangaza uhuru tarehe 24 Agosti 1991, bado linakutana Kyiv kwa jina lilelile la Baraza Kuu.